Mchicha wa Bustani ya Nyuki

Bomba la dawa lilikuwa linavuja. Dawa ilimchuruzika Mama Pacha mgongoni, ikaingia kiunoni, ikawasha kama upupu, na yeye anapuliza tu, maana msimamizi yuko pale upepo unakotokea, kitambaa puani, anaangalia saa. Barakoa ziko ofisini, alisema, na ufunguo wa ofisi anao mtu ambaye leo hayupo.

Kile kipande katikati ya barabara mbili zamani kilikuwa chao, yeye na mama mkwe wake. Chao kwa jembe, si kwa karatasi. Walipanda mchicha, watoto wake pacha wakala, maisha yakasogea. Halafu manispaa ikaja na tingatinga na maneno mazuri: bustani ya maua ya porini, nyuki wa mjini wapate chakula. Nyuki. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukachoka. Mama Pacha akapewa kibarua cha kung'oa mboga zake mwenyewe na kumwaga mbegu za maua, akaahidiwa kwamba siku ya uzinduzi ataandikwa mtunzaji wa kudumu.

Ila mchicha hauna adabu. Ukaota tena katikati ya maua, na mama mkwe akawa anapita na mfuko wake, anachuma. Msimamizi aliona, akasema magugu tu hayo, mnanisaidia kupalilia.

Leo sasa ndiyo uzinduzi, na asubuhi hiyohiyo simu imepigwa: mgeni rasmi akiumwa na nyuki anavimba kama puto, nyuki wapuliziwe dawa.

"Bosi, si tulisema hapa ni pa nyuki?" Mama Pacha aliuliza.

"Nyuki watarudi. Mgeni akivimba harudi."

Akaomba basi aweke japo kibao cha onyo, kuna watu wanachuma mboga humu. Msimamizi akamwangalia kama mtu aliyetapika mezani. "Sikia, mama. Neno dawa likisikika hapa leo, hiyo kazi nampa mwingine. Wako wengi, na hawana maswali."

Mama Pacha akaomba akimbie nyumbani mara moja, amwambie mama mkwe asije kuchuma. Akapewa fulana ya njano yenye picha ya nyuki kifuani, akapangwa mstarini.

Hotuba ikaenda, haifiki. Maua ni uhai, mgeni rasmi alisema. Mwandishi mmoja akauliza mbona nyuki hawaonekani, msimamizi akajibu wanaogopa spika. Watu wakacheka. Chini, kati ya viatu vyao, nyuki walikuwa chali, wanazunguka.

Ndipo Mama Pacha akamwona. Kule mwisho wa bustani, mgongo umeinama, mkono unakwenda kwenye mchicha na kurudi mfukoni.

Alitoka mstarini. "Mama. Tupa hiyo mboga."

Mama mkwe akainuka taratibu. Wageni wakageuka, na kamera nazo. "Nitupe kwa nini?"

Msimamizi alishafika. Akamwekea Mama Pacha mkono begani, kwa upole kabisa. Mama Pacha akafungua mdomo, na neno lilikuwa palepale kwenye ulimi.

"Tupa tu, mama. Nakuomba. Nitakueleza nyumbani."

Mama mkwe akaitazama ile fulana mpya. Akawatazama wageni. Akatazama ndala zake mwenyewe zilizofungwa kwa waya.

"Ahaa. Umepata kazi, sasa unanionea haya." Akaukumbatia mfuko. "Watoto hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Endelea na wageni wako, mwanangu."

Mgeni rasmi alifurahi sana. "Mnaona? Bustani inalisha nyuki, inalisha na bibi zetu." Makofi yakapigwa. Akaombwa bibi auinue mfuko, akauinua, uso umekunjwa, akapigwa picha, akaondoka zake bila kuaga.

Mama Pacha alitaka kumfuata. Mkono wa begani ukakaza. Mfuko ukavuka barabara, majani yananing'inia nje, mabichi, yana unyevu, ukakata kona ya kwenda nyumbani.

"Moja tena ya mwisho," mpiga picha alisema. "Wewe wa njano, cheka kidogo."