Tundu la Ghorofa ya Kumi

Phyllis alikuwa anapanga vikombe kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya kumi, tundu lilipofunguka katikati ya zulia. Lilikuwa na upana wa karai la kufulia, na kingo zake zilikuwa za barafu. Nyangumi mweupe akatoa kichwa, akapumua kwa kishindo, akarudi chini, na mwingine akashika zamu. Phyllis akavuta viti nyuma ili mtu asije akatumbukia, kisha akaenda kutafuta sukari.

Ilikuwa Februari ya 1996, Toronto, baridi ya kukata masikio. Kamati iliyokutana siku hiyo ilikuwa ya usawa, au ndivyo walivyopenda kuiita: nusu ya viti ni vya idara ya bahari, nusu vya wawindaji wa Kiinuit, wenyeji wa kaskazini kwenye barafu, na jambo halipiti mpaka pande zote mbili zikubaliane. Jambo lenyewe lilikuwa meli za mgodi. Zilitaka kupasua barafu ya ghuba ya wawindaji hao kabla majira ya baridi hayajaisha. Meli ikipita, nyangumi huifuata ile njia ya maji, halafu barafu hujifunga nyuma yao. Hubaki na tundu moja la kupumulia, nalo huzidi kuwa dogo mpaka wanakufa wote. Wawindaji walitaka meli zingoje kiangazi. Hao nyangumi ndio chakula chao, na mwaka uliopita walikuwa wamezika wengi waliooza bila kula hata mmoja.

Aliyewasemea wenzake ni Elisapi, mama mtu mzima mwenye mikono mikubwa. Alilitazama tundu, akamwambia mkalimani kwamba hawa ni wa ghuba yao, anamjua yule mwenye kovu mgongoni. Mwenyekiti, Bwana Hollis, alisema idara ina taarifa kuhusu tundu, na akaomba ajenda iendelee.

Hollis akauliza kama kuna anayepinga meli kupita mwezi Machi. Elisapi akakunja pua. Kwao ukiinua nyusi umekubali, ukikunja pua umekataa, na mtu mwenye heshima zake hahitaji kupayuka juu ya hapo. Wenzake nao wakakunja. Mkalimani akaeleza vizuri tu kwamba hiyo ni hapana.

"Kumbukumbu za mkutano hazina pua," Hollis alisema. "Hoja imepita."

Hapo Elisapi alisema kwa mdomo, na alisema kwa muda mrefu. Hollis alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema maneno hayo yatawekwa kama maoni, maana yamekuja baada ya uamuzi. Tundu likapungua, likawa kama sufuria ya ugali. Elisapi akasema basi aulizwe yule binti anayeandika kumbukumbu, yeye ameona.

Phyllis ndiye aliyekuwa anaandika. Karatasi zake za kuishi Kanada zilikuwa bado hazijatoka, na zilingoja barua ya Hollis. Asubuhi ile ile mumewe, Kangethe, alikuwa amemwambia nyumbani kwao Parkdale, akifunga kamba za viatu, asijitie kimbelembele kazini hata kidogo. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza.

"Phyllis," Hollis akauliza, "ulimsikia mtu yeyote akipinga?"

"Sikumsikia," Phyllis akajibu, na kweli hakusikia. Aliona.

Tundu likawa kama bakuli. Wajumbe wa idara walishuka kula. Elisapi akapiga magoti, akaanza kukwangua barafu kwa kijiko cha chai, na Phyllis akaleta birika la umeme, akawa anamimina maji ya moto pembeni taratibu asiwaunguze. Nyangumi walikuja mmoja mmoja kwa haraka, wakisukumana, na pumzi yao ilinuka samaki na woga.

"Nisamehe, mama," Phyllis akasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimemkauka.

Elisapi hakujua Kiswahili, lakini alielewa. Akamtazama usoni, akakunja pua, akaendelea kukwangua.

Wajumbe waliporudi, tundu lilikuwa kama kikombe. Yule wa kovu alikuja wa mwisho, akapumua nusu. Kisha zulia likawa zulia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huu ulitokea chini ya sakafu, ngo, ngo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Jumatatu mashine ya fotokopi ikahamishiwa pale ili mlio wake uufunike. Wafanyakazi walizoea. Meli zilipita mwezi Machi kwa ridhaa ya pande zote, na karatasi za Phyllis zilitoka wiki hiyo hiyo.

Mwezi Aprili Hollis aliamua kwamba meza ya Phyllis isogezwe pale pale, kando ya fotokopi. Kwenye kikao cha asubuhi akauliza kama ana pingamizi. Chini ya viatu vyake kulikuwa kukibishwa, polepole kuliko jana. Phyllis alifungua mdomo, pumzi ikatoka, sauti haikutoka. Basi akakunja pua, akaikunja sana, mbele ya watu wote.

Hollis akangoja kidogo.

"Vizuri," akasema. "Tumekubaliana."