Kitabu cha Mkono wa Kushoto

Jumanne asubuhi mfagiaji wa maktaba ya chuo cha uuguzi alikuwa akipangusa meza za dirishani. Alikunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko isilowe, akachovya kitambaa kwenye ndoo, na alipokuwa akikikamua akaona sura ya kwanza ya kitabu cha uuguzi imemtokea kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Herufi zilikuwa nyeusi, zimenyooka, na chini yake palikuwa na mchoro wa moyo wa rangi mbili. Alijaribu sabuni, hazikutoka. Alipotelezesha kidole juu ya ngozi, ukurasa wa pili ukaja. Akamalizia meza zilizobaki, maana maktaba hufunguliwa saa mbili kamili.

Kitabu chenyewe alikuwa akikijua. Miaka sita nyuma alikuwa mwanafunzi hapo hapo, katika darasa la watu tisini waliokuwa na nakala moja tu, isiyoruhusiwa kutoka nje ya maktaba. Ulisoma saa moja huku wenzako wamekusimamia mgongoni wakitazama saa ya ukutani. Kwa hiyo wajanja walikuwa na dawa yao: ukimaliza, unakirudisha kwenye rafu ya ufugaji wa kuku, vitabu ambavyo chuo kilipewa msaada na hakuna aliyewahi kuvigusa, ili kesho ukikute peke yako. Naye alifanya hivyo wiki tatu kabla ya mtihani. Kulikuwa na binti mmoja wa mstari wa mbele aliyekuwa akisoma huku anatabasamu, na tabasamu lile lilimkosesha usingizi. Wiki hiyo hiyo mkutubi akaona vitabu vya kuku havina msomaji, akavifunga kwenye maboksi, na kile cha uuguzi humo humo, akavipeleka chuo cha kilimo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wengine walifeli kidogo, yeye alifeli kabisa. Alirudi baadaye kuomba kazi ya ufagio.

Sasa mdogo wake, waliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa akisoma kozi ile ile, na chuo kilikuwa kimeingiza vitabu vya kidijitali. Siku ya kuvizindua, mkuu wa chuo aliinua kishikwambi juu ya kichwa chake. "Hiki hakichaniki," alisema. "Hakiibiwi, hakifichwi. Watu tisini mnasoma ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, hata kitandani." Yote aliyosema yalikuwa kweli. Mfagiaji alipiga makofi pamoja na wengine, ndoo ikiwa miguuni pake, na roho ikimuuma kama jino.

Walilala chumba kimoja. Mdogo wake alisoma chali, kishikwambi kifuani, mdomo ukitafuna.

"Dada, nikusomee kidogo?"

"Unisomee nini? Mimi mtoto mchanga?"

Kisebusebu na kiroho papo. Alipomwonyesha ule mkono, mdogo wake aliukagua kwa makini, akageuza kurasa mbili tatu.

"Hiki ni changu," akasema. "Tazama, hata mistari niliyopiga ipo."

Ilikuwepo kweli, ya njano, chini ya maneno ambayo mdogo mtu aliyaona ya maana. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Hata muujiza umemjia ukiwa umeshatumika.

Alisoma hata hivyo. Alisoma ngazini, stoo, na kwenye foleni ya maji. Wanafunzi ambao vishikwambi vyao vimeharibika walikuja kumwomba mkono, naye akawanyooshea huku akiendelea kufagia kwa mwingine. Baada ya miezi mitano alikuwa amemaliza kurasa mia nane na kumi, akaandika barua ya kuomba kurudia mtihani.

Msajili, mtu mpole, alivaa miwani akasoma ukurasa mzima. "Kitabu ndicho chenyewe," alikubali. "Ila wewe huna nambari ya usajili, na kitabu hiki ni cha wenye nambari. Halafu sheria ya mtihani iko wazi, hakuna kuingia na kitabu. Huo mkono unaweza kuuacha nje?"

"Siwezi, mzee."

"Basi unaona mwenyewe."

Akampa barua ya kumtaka avae mikono mirefu awapo ndani ya eneo la chuo, kwa sababu waliokitoa kitabu huhesabu wasomaji. Alitia saini kwa mkono wa kulia.

Mdogo wake alifaulu vizuri sana. Siku aliyovaa joho, chuo kilifunga akaunti yake kama kinavyofunga za wahitimu wote, na kishikwambi kikabaki kinaomba neno la siri. Mkono haukuwa na akaunti, kwa hiyo hapakuwa na cha kufunga.

Miezi mitatu baadaye, saa nane mchana, simu ya mfagiaji iliita akiwa kwenye korido ya maktaba.

"Dada, kunja mkono haraka. Sura ya kumi na tisa. Nina mtoto wa degedege hapa, daktari yuko upasuaji, na kiasi cha dawa kimenitoka kichwani."

Akakunja, akatelezesha kidole, akakiona. Kilikuwa kwenye jedwali, safu ya pili, na safari hii hakikuwa na mstari wa njano. Kidole kikabaki hapo hapo. Alikuwa na kitabu ambacho mdogo wake hana, na utamu wake aliusikia hadi kwenye fizi.

"Dada? Dada, tafadhali!"

Alimsomea neno kwa neno, kisha akamsomea tena, sauti ikimkwaruza kwa wivu. Akasubiri, simu sikioni. Alisikia vyombo, akasikia mtoto akilia, kisha mwanamke naye akilia.

"Katulia," mdogo wake alisema mwishowe, akihema. "Mama yake kanishika mikono yote miwili, dada. Anaibusu. Anasema ni mikono ya baraka."

"Vizuri," akasema dada.

Alikata simu, akashusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo, kwa sababu msajili alikuwa anapita.