Siku Babu Alipokataa Posa

Nyumbani kwetu Chonyonyo tulifuga chatu. Wenye kucheka wacheke sasa tumalize. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kichwa kikiingia ghalani kuwinda panya wa kahawa, mkia ungali bondeni, na mtoto akitaka kujua kama mvua imefika huko alipapasa mkia aone kama umelowa.

Alikuja wakati wa matanga ya babu mzaa baba, akakataa kuondoka, basi akarithi jina: Rwegoshora. Watoto walimkalia. Mimi nilimkanyaga mara nyingi, akajisogeza tu kama mzee aliyekanyagwa kanisani. Mama yangu, Celestina, ndiye hakumtazama kamwe. Mkwe ni mkwe, hata akitambaa. Alipopita, mama alijifunika shuka usoni.

Mwaka wa thelathini na sita nilimposa Kokubanza, binti wa mzee Ndyamukama wa Kituntu. Ilibaki rubisi tu. Na pombe ya posa hutoka kwenye ndizi za mwenye kuposa, haiombwi kwa jirani. Nikakata mikungu yote iliyokomaa, nikachimba shimo, nikalipasha moto, nikatandika majani makavu ya mgomba, nikazifukia ndizi ziive.

Nilipokwenda kuzitoa nikamkuta Rwegoshora kajiviringa humo.

"Shikamoo babu. Nipishe kidogo."

Nikanyoosha mkono. Akanirukia! Meno yalizama kiganjani, nikapiga kelele mpaka ng'ombe wa Uganda wakageuka.

"Babu amekataa," mama alisema, uso ndani ya shuka. "Aligombana na watu wa Kituntu mpaka anakufa. Hataki hata kuwasikia."

"Nimsukume na mti tu, mama, asogee."

"Umsukume baba mkwe wangu? Basi chakula changu hutakionja tena."

Nikabembeleza. Nikampelekea kuku, hakumgusa. Nikampelekea maziwa, akanifokea kama mvukuto wa mhunzi. Niliyekuwa nikimrukaruka tangu utoto nikawa namzunguka kwa mbali, na huku harufu ya ndizi inapita utamu, inaelekea uchachu, nzi wanakuja kwa makundi. Nilikaa nikazisikiliza zikioza.

Wakaja wageni. Mzee Ndyamukama mbele, dada yake Adelgunda nyuma, na wazee wao kila mmoja na mrija wake wa kunywea mkononi.

"Mwanangu Melkiory, rubisi iko wapi?"

"Iko chini ya babu."

Nikawaeleza. Ndyamukama akasimama. "Kwa hiyo Rwegoshora ananitukana hata baada ya kuzikwa?"

Adelgunda hakuwa mkwe wa mtu kwetu. Akachukua mti mrefu, akaenda shimoni, akainua jani moja kwa ncha, akachungulia.

"Kaka!" akapiga ukelele. "Babu yao ametaga!"

Mayai meupe, kila moja kama boga. Wazee walicheka mpaka mirija ikawaanguka. Ndyamukama peke yake hakucheka.

"Nimetembea toka Kituntu kuja kunywa mayai?"

Akageuka kuondoka, nikamkimbilia njiani. "Baba, hakukukataa! Ni uchungu wa uzazi tu!"

"Nimeelewa. Na nikifika nyumbani wakiniuliza nimekunywa nini, niseme nini?"

Akaenda zake.

Niliporudi, mama alikuwa kasimama kando ya shimo, shuka mabegani, anamtazama yule nyoka kwa mara ya kwanza. Nikadhani sasa nitaruhusiwa.

"Mama, si babu tena. Nimtoe?"

"Mzazi hafukuzwi," akasema, akaenda kumtilia maji kwenye kibuyu.

Habari zikafika kwamba mfanyabiashara wa Murongo amepeleka mitungi ya rubisi Kituntu, nayo imepokelewa. Mimi nilikuwa bado nimekaa kando ya shimo langu, mkono umefungwa kitambaa.

Vifaranga walitoka asubuhi ngoma za Kokubanza zilipokuwa zinapita barabarani kwetu kuelekea Murongo. Rwegoshora akatoka, mwembamba kama kamba ya ng'ombe, mpole kama zamani, akaja moja kwa moja mpaka miguuni pangu.

Nikajisogeza, nikampisha apite.