Plato ya Tatu

Mzee Nasor, mwenye duka la vitambaa katika mtaa wa Asiatique, alinunua plato tatu kwa sababu ya kiburi, ingawa mwenyewe alisingizia magoti. Plato ni yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na pedali. Baiskeli yake ya mashindano ilikuwa na mbili. Ya tatu ni ndogo, ya kupandia milima, na vijana huicheka: wanaiita plato ya bibi.

Magoti nayo yalikuwa mabovu kweli. Lakini tangu ujana, Nasor na rafiki yake Fortunat walipanda barabara ya mlimani ya Bugarama kila Jumapili, na walikuwa wamewekeana sharti: siku mmoja wao akiweka mguu chini njiani, safari zimekwisha. Wanaume wakiwa na nguvu huahidiana upuuzi wa namna hiyo. Sasa Nasor alikuwa amefiwa na mkewe, na Jumapili ndiyo siku pekee aliyozungumza na mtu asiyetaka kitambaa. Aliogopa kuipoteza.

Kazi alimpa fundi Mirindi. Mirindi aliweka ekseli ya pedali iliyo ndefu zaidi, ili plato ndogo ya ndani isikwaruze fremu, akafunga na mkono mrefu wa nyuma unaovuta cheni. Hadi hapo, hakuna wa kumlaumu. Kisha akafika kwenye cheni yenyewe.

Maisha yake yote Mirindi ametengeneza baiskeli za wabeba ndizi. Hizo hushuka milimani na mzigo. Kupanda, hujishikiza nyuma ya malori. Kwenye mteremko cheni iliyolegea huruka, na mtu akafa. Kwa hiyo fundi mwenye huruma hukata cheni fupi, na Mirindi ana huruma sana.

"Papa Nasor, cheni nimeikaza," alisema. "Haiwezi kuruka hata kidogo."

Nasor aliijaribu kwenye barabara ya Buterere, ambako hakuna kilima hata cha kumchosha kuku. Ilikwenda vizuri.

Jumapili mlima ulipoanza kuuma, ndipo hasa palipokuwa pa kutumia plato ndogo. Lakini Fortunat alikuwa ubavuni, na Nasor aliona haya. Akabaki kwenye plato kubwa, akaipeleka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma. Cheni fupi haikutosha kuzunguka meno makubwa pande zote mbili. Ikakakamaa, pedali zikagoma, na Nasor akaweka mguu chini ili asianguke.

Alikitazama kiatu chake juu ya lami. Machozi yakamlenga, mzee mzima.

Fortunat alishuka, akarudi akisukuma baiskeli yake. Aliinama, akaona.

"Plato tatu?"

"Magoti," alisema Nasor. "Sharti ni sharti. We endelea."

Fortunat hakuendelea. Aliketi kwenye jiwe kando ya barabara, akanyoosha miguu huku akiguna.

"Apana. Mi siendi popote. Tangu mwaka jana hii muguu inaniuma mpaka nalia nikifika nyumbani. Nilikuwa nangoja we ushuke, na mi nishuke."

Nasor aliilaza baiskeli yake kando ya barabara.

"Na Jumapili ijayo?"

"Tutaenda Kajaga. Kule hakuna mulima."

Nasor akaketi karibu naye. Mbele yao baiskeli ilikuwa imelala, plato ya tatu ikimeremeta. Huko Kajaga, plato hiyo haitakuwa na kazi.