Shavu la Kaka

Asubuhi ile shavu la kushoto la kaka yangu lilitoka chumbani kwanza, yeye mwenyewe akafuata nyuma. Jino lilikuwa likimsumbua kitambo, naye akalitibu kama wanaume wote wa ukoo wetu wanavyotibu maradhi, yaani kwa kunyamaza. Sasa jino lilikuwa limechoka kunyamaziwa.

"Kama ni limao umeficha humo, kaka, toa tugawane," nikamwambia.

"Niondokee," akajibu kwa upande mmoja wa mdomo.

Shemeji alikuwa ameinama kwenye cherehani yake, anacheka kimyakimya ili mumewe asimwone. Nami nikaendelea kuchokoza, maana kazi ya mdogo mtu nyumbani ndiyo hiyo. Nilinyamaza kaka aliposimama mlangoni kwenye mwanga, akaiinua simu mbele ya uso wake.

Kaka ni dereva wa pikipiki. Hupeleka vifurushi na vyakula kwa watu kupitia programu ya simuni, na kila asubuhi, kabla ya oda ya kwanza, programu hiyo hutaka kumwona. Duara linatokea kwenye skrini, unaingiza uso wako ndani yake, inakukagua, halafu inaandika: Karibu, bingwa. Mchana nako ikijisikia inakuuliza tena, hata kama uko katikati ya makutano ya barabara na lori linakupigia honi. Wanasema ni kwa usalama wa wateja, ili mtu asimpe mwenzake akaunti.

Kazi hiyo ameifanya tangu mimi niko kidato cha pili. Imelipa kodi ya vyumba vyetu viwili, imelipa dawa za presha za mama, imelipa ada yangu, na nilipomaliza shule ikanilipia mafunzo ya kompyuta. Hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyekuwa na kipato cha kutegemewa.

Simu ikaandika: Samahani, hatukutambui. Umebakiwa na majaribio mawili.

Kaka akajigeuza upande, shavu zima likaelekea kwenye kamera. Akajaribu hivyo.

Samahani, hatukutambui. Umebakiwa na jaribio moja.

Hapo ndipo kila mtu akanitazama mimi. Mtaani naitwa Injinia. Jirani redio yake ikikoroma, anakuja kwangu. Mwingine paka wake alipotea, akaniuliza kama siwezi kumtafuta kwa setelaiti.

"Ukikosea la tatu, akaunti inafungwa," nikasema.

"Si nitafungua nyingine?"

"Hawachukui madereva wapya tangu mwaka jana, kaka. Wamejaa."

Akakaa chini polepole. Nina maoni yangu kuhusu hizi programu, na ningeyatoa pale pale kama angekuwepo wa kuyasikiliza. Programu ni sawa na mlinzi mgeni getini. Hakujui wewe, hamjui mkeo, kilichomkaa kichwani ni karatasi aliyopewa na tajiri, na ukimwuliza kwa nini, anakusomea karatasi ileile. Afadhali huyo mlinzi, maana ipo siku atasikia njaa umgawie chakula mzoeane.

Mama akatokea uani na ufagio mkononi. Akaelezwa. Akamtazama kaka, akanitazama mimi, kama mtu anayechagua nyanya.

"Huyu hapa uso wake haujavimba," akasema. "Muoneshe huyu."

"Mama, ile mashine inapima. Jicho hadi jicho, pua hadi mdomo."

"Basi ipime. Nyinyi wawili niliwafyatua kwa kalibu moja."

Kaka alinyoosha simu kuelekea kwangu. Nikaingiza uso wangu kwenye duara.

Karibu, bingwa.

Shemeji akapiga vigelegele. Mimi kidogo nilijiona nimetukanwa, kwa sababu siku zote nilijua mimi ni mzuri kuliko kaka.

Basi wiki ile nikawa abiria wa kudumu. Daktari aling'oa jino, akasema uvimbe utashuka taratibu. Kaka aliendesha, mimi nikakaa nyuma, na sanduku la mizigo likahamia mgongoni kwangu kama gamba la kobe. Simu ikilia kutaka uso, kaka anapunguza mwendo, mimi nachungulia juu ya bega lake, duara linanikubali, tunaendelea. Wateja wakazoea. Mama mmoja wa ghorofani alitufungulia mlango akauliza, "Leo mzigo umekuja na wazee wawili, mmekuja kuposa?"

Tulicheka sana wiki ile, sitaficha. Kwanza hali ile ilikuwa ya muda tu, maana Jumatatu nilikuwa na jambo langu. Kampuni moja ndogo ya kutengeneza programu ilikuwa imekubali kunichukua kwa majaribio, baada ya maombi mengi niliyotuma hadi nikajua kwa moyo namna zote za kumkataa mtu kwa adabu. Kazi yenyewe ni kutafuta makosa. Wao wanatengeneza programu, wewe unaibonyeza vibaya kwa makusudi mpaka ikwame, unaandika ilipokwama. Kaka alilisimulia hilo kwa kila mteja. "Mdogo wangu Jumatatu anaanza kulipwa kwa kuharibu vitu," anasema. "Nyumbani amefanya bure miaka yote."

Jumapili shavu likashuka. Uso wa kaka ukarudi mahali pake, mrefu, mtulivu, na kovu dogo la utotoni kidevuni. Shemeji akanipigia pasi shati jeupe.

Jumatatu asubuhi kaka akasimama mlangoni kwenye mwanga, akainua simu.

Samahani, hatukutambui. Umebakiwa na majaribio mawili.

"Umelala vibaya," nikamwambia. "Nawa uso."

Akanawa. Akajifuta kwa kanga ya shemeji, akajaribu tena.

Umebakiwa na jaribio moja.

Nilikuwa nafunga vifungo vya mikono ya shati. Vidole vikasimama vyenyewe, kwa sababu nilishaelewa. Programu za namna ile, kila zinapoukubali uso, zinajifunza. Mtu anaota ndevu, ananenepa, anazeeka, nazo zinamfuata kidogokidogo. Wiki nzima, asubuhi na mchana, zilikuwa zimenifuata mimi.

"Haikukatai kwa sababu ya shavu," nikasema. "Inakukataa kwa sababu wewe sio mimi."

Kaka alinitazama akingoja nicheke. Sikucheka.

Ofisi ya kampuni yenye ile programu ya kaka iko juu ya duka la magodoro. Tulipanda ngazi, tukachukua namba, tukakaa kwenye viti vya chuma vilivyounganishwa pamoja, mmoja akijikuna wanatikisika wote. Mpango wa kaka ulikuwa rahisi: tuwaeleze ukweli, jino, shavu, mama, basi. Kisha akaliona bango ukutani. Limeandikwa kwa herufi nene kwamba dereva atakayetumia uso wa mtu mwingine akaunti yake itafungwa moja kwa moja, bila rufaa. Alilisoma akitingisha midomo, akalirudia.

"Tusiseme hilo," akaninong'oneza. "Tuombe tu wabadilishe picha."

"Na wakiuliza zile picha za wiki hii ni za nani?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Fikiria."

Nikafikiria. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Msimamizi wangu mpya aliandika: Upo njiani? Nikajibu kwamba nipo njiani.

Namba yetu ikaitwa. Mezani alikuwepo dada mmoja mchangamfu, mwenye miwani na sauti ya kutangaza habari njema. Kaka akamweleza kwamba aliugua jino, sasa simu haimtambui, anaomba apigwe picha mpya. Dada akagonga kompyuta yake. Nikaona kwenye miwani yake vimraba vidogo vya picha, nami nikajitambua katika kila kimoja.

"Kitambulisho," akasema.

Hapo kaka alipata nguvu kabisa. Kitambulisho ni chake, jina ni lake, hilo halina ubishi. Akakiweka mezani kwa kishindo kidogo, kama mtu anayeshusha karata ya ushindi. Dada akakishika karibu na taa, akakitazama, akamtazama kaka. Kisha akanitazama mimi, akaanza kutabasamu.

Kitambulisho kile kaka alikichukua zamani, akiwa na umri kama wangu leo. Mashavu yamejaa, nywele nyingi, hana mistari ya jua na vumbi pembeni mwa macho. Kalibu moja.

"Mbona mwenyewe yuko hapa?" dada akaniambia. "Kwa nini hujiongelei?"

Mimi, ninayejibu hata nisichoulizwa, nikamtazama kaka.

Dada akamgeukia kaka, tabasamu likapungua. "Na wewe ni nani? Maana akaunti hii asubuhi imejaribiwa mara mbili na mtu asiye mwenyewe. Ni wewe? Nikiandika hapa kwamba ni wewe, inafungwa sasa hivi."

Kaka alikitazama kitambulisho chake mkononi mwa yule dada. Miaka yake yote kwenye mvua ilikuwa ndani ya ile akaunti, nyota alizopewa, wateja wake, wale wanaoandika "yule wa siku zote, tafadhali". Nikafungua mdomo niseme ukweli, akanikanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga kwa nguvu.

"Mimi ni kaka yake tu," akasema. "Nilikuwa naichezea simu yake. Nimemsindikiza."

"Na hiki kitambulisho?"

"Ni chake."

Dada akalegea. Akaigeuza kamera ndogo kuelekea kwangu, taa ya kijani ikawaka papo hapo. "Haya, umekamilika. Ila usimwachie mtu simu, hata ndugu." Akasogea mbele kidogo, amefurahi kweli, hana ubaya wowote. "Na hongera. Uko kwenye orodha ya madereva bora wa mwaka. Subiri." Akainama chini ya meza, akatoa fulana ya njano yenye mistari inayong'aa gizani, bado iko kwenye nailoni. Akanipa mimi, kwa mikono miwili.

"Mwambie asante," kaka akasema.

"Asante," nikasema.

Tukashuka ngazi. Nje kaka akakaa kwenye ukingo wa mtaro kando ya pikipiki, mikono juu ya magoti. Nikamwekea kitambulisho chake mfukoni, hakukishika.

"Nenda kazini kwako," akasema. "Utachelewa."

"Na wewe?"

"Nitatafuta kitu."

"Kitu gani?"

"Si nimesema nitatafuta?"

"Wenzako wote wanaotafuta wamekaa pale kwenye kona wanacheza drafti, kaka."

"Nitajifunza drafti." Alijaribu kutania. Akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona kaka yangu akilia, na sikumwona hata siku hiyo, kwa sababu niligeuka nikatazama magodoro dukani.

Simu yake ikalia. Oda, karibu kabisa, ya yule mama wa ghorofani. Duara likatokea, na chini yake mstari mwekundu wa muda ukaanza kupungua. Kaka aliushikilia ule mstari kwa macho na hakunielekezea simu. Hakuniomba. Angeniomba labda ningekataa.

Niliinama nikaingiza uso wangu.

Karibu, bingwa.

Nikavaa ile fulana ya njano juu ya shati lililopigwa pasi, nikabeba sanduku mgongoni, nikapanda nyuma. Kaka akakaa muda bila kuwasha. Kisha akawasha.

Tulikuwa tumefika kwenye mataa msimamizi wangu aliponipigia mwenyewe.

"Kijana, tunakusubiri."

"Samahani, bosi. Nimepata kazi nyingine."

"Tangu lini? Si umeniandikia uko njiani? Kazi gani?"

"Dereva wa pikipiki."

"Unajua kuendesha?"

"Hapana."

Akacheka kwa sauti kubwa, hadi kaka akasikia. Msimamizi alikuwa ameshaambiwa kwamba mimi ni mtu wa utani. Alicheka peke yake, akanisubiri niungane naye.

"Kwa hiyo huji," akasema.

"Siji."

"Sawa. Nitampigia anayefuata."

Taa ikawa ya kijani, na magari ya nyuma yetu yakaanza kupiga honi.