Fimbo ya Baba, Tumbo la Dada

Mwalimu wa darasa la kwanza alilifungua daftari, akalisukuma taratibu upande wa fundi cherehani, kama mteja anayerudisha gauni lililombana.

“Soma mwenyewe, Mama Chiriku.”

Fundi akasoma. Mwanawe alikuwa ameandika: *Dada yangu ni bereva. Dabo hajarubi.*

Alichotaka kusema mtoto ni kwamba baba yake ni dereva na bado hajarudi. Fundi angecheka, kama si ile kalamu nyekundu iliyopita chini ya kila neno.

“Mdomo wake hauna kasoro,” mwalimu alisema. “Akisimulia kitu, darasa zima linatulia. Shida ni mkono. Herufi zinageuka, na penseli anaishika kama mchi. Muhula ukiisha hivi, itabidi arudie darasa.”

Jina la Chiriku mtoto hakupewa bure. Alianza kusema kabla hajatembea, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mbele ya karatasi tu ndipo alipokuwa bubu.

Fundi alirudi kibandani kwake na uso uliokunjamana. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akipiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa, alilichukua daftari akalisoma kwa sauti.

“Loo! Kaka yangu amekuwa dada! Basi mimi nitakuwa mama mdogo?”

“Shemeji, leo sina meno ya kucheka.”

Alasiri hiyo fundi alimkalisha binti yake na kumwamuru aandike *b* ukurasa mzima. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Kufikia wa nne, herufi zilikuwa zimeanza kugeuka moja moja, na chini ya ukurasa zote zilikuwa *d*. Wakafanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu machozi yalidondoka juu ya karatasi.

“Mama, mkono unauma.”

“Wenzako wanawezaje?” fundi aliropoka, na papo hapo akatamani ayameze maneno yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Chiriku alifunga daftari akaenda kuketi chini ya meza ya kukatia, mahali alipolelewa tangu anatambaa.

Jumamosi ilikuja kazi ya mashati kumi na mawili. Chiriku, ambaye hakuwa na kinyongo cha kudumu, alijitolea kusaidia. Aliweka karatasi ya kipimo cha mkono wa shati juu ya kitambaa, akaizungushia chaki. Kisha, bila kuambiwa, akaigeuza, akaichora tena pembeni.

“Nani kakufundisha kugeuza hivyo?” fundi aliuliza.

“Si nakuona wewe! Huu wa kushoto. Ukiugeuza unakuwa wa kulia. Lakini ni uleule, mama.”

Mkasi wa fundi ukasimama katikati ya kitambaa.

*Ni uleule.* Miaka sita mtoto huyu ameona mikono, kola na mifuko ikigeuzwa huku na huku bila kubadilika jina. Nani aliyewahi kumwambia kwamba herufi si kama mkono wa shati? Hakuwa mzito wa kuelewa hata kidogo. Alikuwa ameielewa vizuri mno kazi ya mama yake.

“Njoo hapa, mwanangu,” fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. “Nguo tunageuza. Herufi hazigeuzwi. Ukiigeuza, inakuwa mtu mwingine kabisa.”

Alikata vipande vya mahameli, akavishona juu ya kitambaa kigumu: *b* moja, *d* moja. Akachukua kidole cha mtoto na kukipitisha juu ya kila herufi, toka kushoto kwenda kulia.

“Huyu ni baba. Anatembea na fimbo yake, fimbo inatangulia. Na huyu ni dada, mjamzito. Nini kinaingia mlangoni kwanza?”

“Tumbo!” Chiriku aliangua kicheko. Hata shemeji aliweka pasi chini.

Tangu siku hiyo hawakuandika tena ukurasa mzima. Chiriku alifumba macho, akapapasa mahameli na kutaja herufi. Alianika vipande vya nguo kwa vibanio, kimoja kimoja, mpaka vidole vyake vikapata nguvu ya kushika penseli kama anavyoshika sindano. Fundi alichora mistari miwili ya chaki, mtoto akazipiga bandi herufi katikati, mishono mirefu ya uzi mnene, tumbo likae ndani ya mistari, fimbo ipande juu. Shemeji naye alinyunyiza maji ya pasi mezani.

“Andika kabla hayajakauka! Baba! Dada! Dumu! Bado!”

Palikuwa na siku mbaya. Wiki ya pili *b* ilitulia, lakini *d* ikamponyoka kabisa, na fundi akauma ulimi asiseme neno. Wakaanza upya na mahameli.

Wiki ya mwisho ya muhula fundi aliitwa shuleni, akasimama nyuma ya darasa, mikono ikitafuta kitu cha kushika. Chiriku alikuwa ubaoni. Watoto hamsini walikuwa wakimtazama.

“Andika,” mwalimu alisema. “Dada alibeba debe. Baba akabeba dumu.”

Fundi alizihesabu *b* na *d* kichwani. Huo haukuwa mtihani, ulikuwa mtego!

Chaki ikaanza kutembea. *Dada alibeba.* Herufi pana, zimenyooka. Kisha akaandika *dede*.

Mtoto mmoja akacheka. Mwalimu alifungua kinywa, lakini Chiriku alikuwa tayari amerudi nyuma hatua moja. Aliutazama ubao. Midomo yake ilicheza: *fimbo, tumbo.* Akafuta herufi moja kwa kiganja, akaandika *b* mahali pake, kisha akamalizia sentensi ya pili bila kusita hata mara moja.

Mwalimu alisogea ubaoni na kalamu yake nyekundu, akafuata kila herufi. Hakupata kosa.

“Na lile moja kajisahihisha mwenyewe,” alisema, kama anayejiambia. Kisha akapaza sauti: “Darasa, someni!”

Sauti hamsini zikasoma maandishi ya Chiriku, dirisha likatetema. Fundi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alipiga makofi peke yake nyuma ya darasa, machozi yakimtiririka.

“Umemfanyia nini?” mwalimu alimuuliza mlangoni.

Fundi alitoa mahameli mkobani. Mwalimu alifumba macho, akapapasa, akatabasamu.

“Nina wengine tisa wanaogeuza.”

“Nipe wiki moja, Mwalimu. Nitawashonea.”

Sentensi zile Chiriku alizinakili katika daftari jipya, mwalimu akatia alama ya vema kubwa kuliko sentensi zenyewe, na shemeji akaliweka wazi kwenye meza ya pasi. Mteja wa kwanza aliyekuja kuchukua shati aliambiwa asome kwanza. Alisoma.

“Nani kaandika vizuri hivi?”

“Mtoto wa kaka yangu,” shemeji alijibu, kifua mbele. “Soma tena, kwa sauti. Huyo anayekuja hajasikia.”