Pampu ya Ndungu

Agatha alikuwa amekubaliana na Mzee Zephania wa Ndungu kwamba angefika kuichukua pampu kabla ya saa sita mchana. Mzee alisema wazi kwamba kuna watu wengine wawili wanaoiulizia, na kwamba yeye hapokei kishika uchumba kwa simu. Agatha naye asingetuma hela kwa mashine ambayo hajaisikia ikinguruma. Kwa hiyo ilibidi awahi.

Angepanda basi, angeondoka Mhezi alfajiri. Lakini mdogo wake Clemence alikuwa nyumbani kwa likizo, amekuja na gari kutoka Dar es Salaam, akasema haiwezekani dada yake ahangaike na mabasi wakati gari limelala uani. Wakapanga kuondoka saa kumi na mbili. Ilipofika saa kumi na mbili Agatha alikuwa tayari kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani. Clemence alitoka ndani saa mbili kasoro, amenyoa ndevu, amevaa viatu vyeupe.

Shamba la juu la Agatha lilikuwa na maharage ya wiki tano. Maji ya ndiva, lile bwawa ambalo wazee walilichimba kukusanya maji ya kijito, yalimwagilia mashamba yote yaliyo chini yake. La Agatha lilikuwa juu ya ndiva, na maji hayapandi mlima yenyewe. Mwezi mzima alikuwa akipandisha ndoo kichwani jioni, na bado majani yalianza kujikunja. Pampu ya Mzee Zephania ilikuwa ndogo, ya inchi mbili, lakini ya kusukuma juu. Alikuwa ameitafuta tangu mwaka jana.

Kwenye kona ya kwanza ambapo Same mjini huonekana chini, Clemence alisimamisha gari. Alitaka kupiga picha. Agatha alimkumbusha kwamba mzee anasubiri. Same mjini walisimama tena, maana Clemence hawezi kuendesha tumbo tupu, na supu ya mbuzi ilichukua dakika arobaini. Waliposhika barabara ya Kisiwani, milima ikawa kulia kwao, imevaa ukungu mabegani, na kushoto nyika ya Mkomazi imetandazwa mpaka macho yanachoka. Kweli ilipendeza. Twiga watatu walikuwa wamesimama karibu na barabara, na Clemence akazima injini kabisa ili sauti isiharibu video.

"Clemence," Agatha alisema, "saa nne na nusu hii."

Alijibu kwamba Ndungu haihami.

Agatha alimpigia Mzee Zephania, simu haikupatikana. Akapiga tena Kisiwani, ambako Clemence alikuwa amekutana na mtu waliyesoma naye sekondari na wameanza kuulizana habari za walimu waliokufa. Haikupatikana. Akabaki garini akitazama saa ya mkononi, joto la bondeni likimpanda shingoni, akijiuliza ni lini hasa alikubali kuwa abiria katika safari yake mwenyewe. Walipopita Maore, Clemence alipunguza mwendo ili aonyeshwe maporomoko ya maji yalipo. Agatha alimwambia hayajui.

Waliingia Ndungu saa saba na robo.

Mzee Zephania alikuwa amekaa kibarazani akinoa jembe. Agatha alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, kisha akamtazama kwa huruma kabla hata hajaulizwa. Alikuwa amesubiri mpaka saa sita na nusu, alisema, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Bwana mmoja wa Kihurio, anaitwa Eliufoo, alifika na pikipiki, akalipa, akaifunga mashine nyuma akaondoka. Haikuwa imepita saa nzima.

Agatha alikaa kwenye ngazi ya kibaraza.

Clemence ndiye aliyesema. Aliona pampu nyingine chini ya turubai, kubwa, ya inchi tatu, na akauliza kama nayo inauzwa. Ilikuwa inauzwa. Basi hakuna tatizo, alisema, wachukue hiyo, tena ni kubwa zaidi, na bei inayozidi ataongeza yeye. Alikuwa ameanza kutoa pochi.

"Sitaki hiyo," Agatha alisema.

"Dada, hii inatoa maji mara mbili ya ile."

"Inatoa maji mengi chini. Mimi nataka machache juu."

Clemence alicheka kidogo, akamgeukia mzee kama mwanamume anavyomgeukia mwanamume mwenzake. Lakini Mzee Zephania alitikisa kichwa. Hiyo ni ya mpunga, alimwambia. Inafaa majaruba ya tambarare, haifai milimani. Clemence alitoa simu akaanza kusoma habari za nguvu za farasi na lita kwa dakika. Hapo Agatha alisimama, akamwomba mzee waijaribu pale pale, mlima hauko mbali.

Waliisogeza hadi kwenye mfereji ulio chini ya kilima. Mzee alivuta kamba, mashine ikanguruma, na Agatha akamkabidhi mdogo wake ncha ya mpira aupandishe. Mwanzoni maji yalitoka kwa kishindo hata yakamlowesha suruali. Akapanda, yakapungua. Akapanda tena, akishika vichaka, viatu vyeupe vimekuwa vya udongo, na maji yakawa uzi. Alipofika kimo cha kama mara tatu ya paa la godauni, hayakutoka tena. Alisimama kule juu na mpira mkavu mkononi. Agatha alimwashiria ashuke. Hakusikia raha yoyote kuwa yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Aliomba namba ya Eliufoo, akampigia. Alimweleza kwa utaratibu: kama ni mpunga anaotaka kumwagilia, ile ndogo itamsumbua, na kubwa inayomfaa bado iko kwa Mzee Zephania. Eliufoo alisikiliza, kisha akasema anaijua mbinu hiyo, mashine ni yake, na akakata simu.

Walirudi bila kitu. Safari hii Clemence hakusimama popote. Walikuwa karibu na Kisiwani alipozungumza.

"Sijaipita njia hii tangu tumzike baba. Nilikuwa nataka kuiona tu."

"Ningekuonyesha kesho," Agatha alisema. "Keshokutwa pia. Leo nilikuwa na shughuli."

"Ungeniambia unaona nachelewa."

"Nilikuambia mara mbili. Ulidhani natania kwa sababu ni shughuli ya shamba. Ingekuwa miadi yako ya ofisini, ungesimama kumtazama twiga?"

Clemence alisema samahani, kwa sauti ndogo, na Agatha alimwambia ameisikia. Hakumwambia imekwisha, kwa sababu ilikuwa haijaisha. Jua lilikuwa limegeukia upande wa milima na nyika yote ilikuwa ya dhahabu. Aliiangalia akiwa na hasira.

Clemence alirudi Dar Jumapili. Jumatano Eliufoo alipiga simu mwenyewe. Hakuomba radhi, alisema tu kwamba amekesha na ile mashine siku mbili na jaruba moja halijajaa, na je, mama bado anaitaka? Agatha alimjibu akutane naye kwa Mzee Zephania kesho yake.

Alipanda basi la alfajiri. Saa nne alikuwa Ndungu, na kabla ya saa tano Eliufoo alikuwa ameshapewa ile kubwa, akaongeza kilichozidi. Agatha alimlipa mzee kile Eliufoo alichokuwa ametoa kwa ile ndogo, wala si shilingi zaidi. Aliivuta kamba yeye mwenyewe. Akaivuta mara ya pili, ikawaka. Wapakiaji wa basi walinung'unika kuhusu uzito na wakataka nauli ya mtu mzima kwa mashine. Alibishana nao mpaka dereva akachoka kusikiliza. Kutoka Same aliifunga kwenye keria ya bodaboda na kupanda nyuma ya bodaboda nyingine, akiichunga kwa macho kila kona.

Ijumaa asubuhi, yeye na jirani yake Careen waliiweka pampu kando ya ndiva, wakautandika mpira mpaka shamba la juu. Maji yalichelewa, yakakohoa, kisha yakaja. Careen alipiga vigelegele. Agatha alitembea na mpira mstari hadi mstari. Matuta manne ya juu kabisa yalikuwa yameshakauka. Maharage yalivunjika mkononi kama karatasi. Siku nne tano nyuma yalikuwa bado yanaokoleka. Aliweka mpira chini, akayang'oa yote, akamtuma Careen nyumbani kuleta mbegu.